Vipanga kumi na wawili wa Kempton Park

Vilima vya Mbuzi, Chanzu na Runyonyi viko Rutshuru, Kivu Kaskazini, pale ambapo Kongo, Uganda na Rwanda zinakaribiana kama mashamba ya ndugu watatu waliogombana. Mwishoni mwa Oktoba 2013 waasi wa M23, baada ya kung'olewa Kiwanja, Rumangabo na Bunagana, walikimbilia vilimani huko na kujichimbia. Jumatatu ya Novemba 4, helikopta za mashambulizi za Umoja wa Mataifa ziliwafuata na kuwamiminia roketi. Kesho yake M23 ikatangaza kwamba uasi umekwisha.

Hapa Tanzania tuliisoma habari ile kwa macho ya nyumbani, na tulikuwa na haki. Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopigana na waasi hao, iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi mwaka ule, ilikuwa na askari elfu tatu na ushei kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Tuliwafuatilia vijana wetu, tukawaombea, tukawazika waliotangulia. Ile helikopta, ya Afrika Kusini, ilipita kwenye habari kama pambo tu. Inaitwa Rooivalk, neno la Kiafrikaans lenye maana ya kipanga mwekundu, na siku ile ndiyo iliyofyatua silaha vitani kwa mara ya kwanza. Kazi ya kuiunda ilikuwa imeanza mwaka 1984.

Tangu 1984 hadi 2013 ni miaka 29. Kijana aliyeajiriwa kuichora akiwa na umri wa miaka 25 alikuwa na 54 siku ilipopigana, kama alikuwa bado kazini. Na katika miaka yote hiyo jeshi la anga la Afrika Kusini lilikuwa limepokea Rooivalk 12, basi. Moja iliharibika katika ajali mwaka 2005 na haikutengenezwa tena. Zilizobaki ni 11.

Nimeichagua hadithi ya ndege hii kwa sababu inaonyesha, kuliko nyingine yoyote ninayoijua barani Afrika, mvutano ulio ndani ya bajeti ya kila jeshi linalotaka kuunda zana zake: kiasi gani kiende kwa wanaofikiri na kuchora, na kiasi gani kiende kwa wanaofua na kufunga boliti. Wachambuzi wa bajeti huzitaja pande hizo mbili kana kwamba ni mapipa mawili, ukipunguza huku unaongeza kule. Mimi naona ni mkopo na malipo yake. Shilingi inayokwenda kwenye usanifu ni deni ambalo uzalishaji ndio utakaolilipa. Asiyepanga kuzalisha asikope.

Kwa nini Afrika Kusini ilikopa? Novemba 4, 1977, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 418 na kuifungia serikali ya makaburu soko la silaha duniani. (Anayependa sadfa aitazame tarehe hiyo tena: ni siku ileile ambayo Rooivalk ilikuja kupigana, miaka 36 baadaye, safari hii kwa amri ya Umoja wa Mataifa wenyewe.) Kilichokuwa kikinunuliwa Paris au London sasa ilibidi kifuliwe nyumbani. Kulikuwa na vita Angola na Namibia, na upande wa pili kulikuwa na ndege na makombora ya Kisovieti. Makamanda wakataka helikopta ya kupiga vifaru na kulinda askari wa miguu, na kampuni ya serikali ya Atlas, iliyokuwa Kempton Park karibu na Johannesburg na ambayo baadaye iliingizwa kwenye shirika la Denel, ikapewa kazi.

Wahandisi walikwenda kwa hatua, na hatua zao zilikuwa za busara. Walichukua kwanza Alouette III ya Kifaransa, wakaivua, wakaivalisha umbo la helikopta ya vita, viti viwili kimoja nyuma ya kingine. Hiyo iliruka Februari 1985. Kisha wakatumia Puma, nazo za Kifaransa, kujaribia silaha. Injini na mfumo wa kuzungusha mapanga vilitokana na familia hiyohiyo ya Puma, ambayo mafundi wao walikuwa wameizoea mpaka wakaunda toleo lao la uchukuzi, Oryx. Kwa hiyo hawakubuni kila kitu. Waliazima palipoazimika, wakabuni palipobidi. Mtu akisema Rooivalk ilishindwa kwa sababu Waafrika Kusini walijifanya wanajua kuliko uwezo wao, amekosea.

Ndege kamili ya majaribio iliruka mara ya kwanza Jumapili ya Februari 11, 1990. Msomaji aliyekuwa na redio siku hiyo anaikumbuka kwa jambo jingine: ndiyo siku Nelson Mandela alipotoka kwa miguu katika gereza la Victor Verster, mkono mmoja umeshikwa na Winnie, mwingine juu. Sijui kama yupo mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kupanga hivyo. Helikopta iliyoundwa kuilinda dola ile iliinuka angani siku ambayo dola ile ilianza kuanguka.

Na vita vyake vilikuwa vimeshaondoka. Makubaliano ya kuondoa majeshi Angola yalitiwa saini New York Desemba 1988. Namibia ikapata uhuru Machi 21, 1990, wiki chache tu baada ya kipanga kuruka. Adui aliyeandikwa kwenye karatasi za mwaka 1984 hakuwapo tena, wala haja ya kumwogopa. Bajeti ya ulinzi ikaanza kukatwa mwaka hadi mwaka. Nchi ilikuwa na shule za kujenga, maji ya kuvuta, nyumba za kuwapa watu walioishi kwenye mabati kwa vizazi viwili.

Hapo palikuwa na njia mbili za kweli. Ya kwanza, kufunga kazi: kusema hasara ni hasara, kuwapa wahandisi kazi nyingine, na kuhifadhi michoro. Ya pili, kuamua kwamba ndege itakuwa uti wa mgongo wa kikosi cha helikopta kwa miaka 40, kuagiza nyingi kwa awamu, na kuufanya ununuzi huo wa nyumbani kuwa tangazo kwa wateja wa nje. Serikali ikachukua njia ya tatu, ambayo ndiyo wanasiasa wa kila nchi huipenda kwa kuwa haimuudhi mtu siku hiyo. Mwaka 1996 ikaagiza 12.

Kumi na mbili ni idadi gani? Mtazame fundi cherehani wakati wa sare za shule. Shati la kwanza linamla siku nzima: apime, akate karatasi ya mfano, ashone, afumue, ashone tena. Akifika shati la 20, mikono imeshajua njia na akili inaweza kusikiliza taarabu. Shati la 100 ndilo linalomletea faida. Mwambie ashone mashati manne tu na uache bei ileile ya sokoni, atakutazama kama mtu aliyemtukana.

Fundi huyo hajamsoma Theodore Wright, lakini wanaelewana. Mwaka 1936, Wright, mhandisi wa ndege wa Marekani, alichapisha alichokiona viwandani: kila idadi ya ndege zilizotengenezwa inapozidishwa mara mbili, saa za kazi zinazohitajika kwa kila ndege hushuka kwa takribani asilimia 20. Kutoka ya kwanza hadi ya pili, asilimia 20. Ya pili hadi ya nne, tena. Ya nne hadi ya nane, tena. Kiwanda cha Kempton Park kilipofika ndege ya 12 kilikuwa kimepanda ngazi hiyo mara tatu na nusu hivi, kikaambiwa kishuke. Kila kosa lililokuwa limeshagunduliwa, kila mkono uliokuwa umeshaizoea kazi, vikatawanyika.

Na hiyo ni gharama ya mikono tu. Weka sasa gharama ya akili. Tuseme, kwa mfano tu, usanifu wa zana fulani umekula bilioni 6. Ukitengeneza 120, kila moja inabeba milioni 50 za deni hilo mgongoni. Ukitengeneza 12, kila moja inabeba milioni 500 kabla hujanunua bati wala nyaya. Ndege ni ileile, boliti ni zilezile. Waandishi wa habari huja na kalamu zao, wanagawa jumla kwa 12, na kichwa cha habari kesho yake kinasema helikopta hii ni ghali mno. Mbunge anasoma, anapiga meza, anataka idadi ipunguzwe zaidi.

Kuna gharama ya tatu isiyopigiwa hesabu siku ya kutia saini. Ndege 12 zina injini, rada na kompyuta ambazo lazima mtu fulani aendelee kuzitengenezea spea. Mwenye kiwanda cha kifaa kidogo cha kielektroniki hawezi kuweka mashine na wafanyakazi wakingoja oda ya vifaa vitatu kwa mwaka. Atafunga laini na kuendelea na mambo yake. Halafu kati ya hizo 12, baadhi ziko karakana, nyingine ziko mafunzoni, na zinazobaki kwa kazi ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Jeshi lenye ndege 12 halina ndege 12.

Denel ilitegemea soko la nje liokoe hesabu. Iliingia zabuni ya Uingereza, mwaka 1995 Waingereza wakachagua Apache ya Marekani. Malaysia ilionyesha hamu ya kweli, kisha mwaka 1997 sarafu za Asia zikaporomoka. Australia mwaka 2001 ikachukua Tiger ya Ulaya. Mwaka 2007 Uturuki nayo ikaenda kwa Waitaliano. Marubani walioirusha Rooivalk waliisifu kwa uvumilivu wake, kwa uwezo wa kukaa porini bila karakana kubwa nyuma yake, yaani hasa kitu ambacho majeshi mengi ya Afrika yangekihitaji. Lakini mnunuzi wa helikopta hanunui sifa. Ananunua miaka 30 ya spea. Swali lake la kwanza ni lilelile analouliza mtu anayenunua gari aina ngeni: kwenu wenyewe mnazo ngapi? Ukijibu 12, anajua kwamba siku utakapochoka atabaki na vyuma vyake.

Mei 2007 mkuu wa Denel wakati huo, Shaun Liebenberg, alitangaza kwamba shirika halitaweka tena fedha zake kwenye Rooivalk. Miezi sita baadaye waziri wa ulinzi, Mosiuoa Lekota, akasema serikali itatoa randi milioni 962 kwa miaka mitatu ili zile zilizopo zifikishwe kwenye uwezo wa kufanya kazi. Soma sentensi hiyo pole pole. Kikosi cha 16 cha Bloemfontein kilikuwa kimeanza kuzipokea mwaka 1999. Miaka minane baadaye zilikuwa bado zinahitaji fedha za kukamilishwa. Za kwanza zilizokamilishwa zilikabidhiwa Aprili 2011, na ya 11 ikafika Machi 2013. Miezi minane baadaye zilikuwa juu ya Chanzu.

Mwaka uleule wa 1999 Pretoria ilitia saini mikataba mikubwa ya silaha ambayo harufu yake haijaisha hadi leo kortini: ndege za Gripen kutoka Sweden, Hawk kutoka Uingereza, manowari na nyambizi kutoka Ujerumani, helikopta nyepesi 30 kutoka Italia, kwa thamani iliyotangazwa ya randi bilioni 30 hivi. Rushwa imeandikwa sana na sitairudia. Kinachonisumbua ni kwamba fedha za uzalishaji zilikuwepo. Zilikwenda kulipa madeni ya usanifu ya Wasweden, Waingereza na Wajerumani, huku deni la nyumbani likiachwa liote kutu.

Ili nisionekane natetea kila kitu kilichochorwa Afrika Kusini, tazama vitu viwili vingine vilivyotoka katika nchi hiyohiyo, chini ya vikwazo vilevile. Cha kwanza ni gari. Vita vya msituni vilipojaza barabara za kaskazini mwa Namibia mabomu ya kutegwa ardhini, mafundi walikunja bati la chini la lori likawa na umbo la V, ili mlipuko utawanyike pembeni badala ya kuingia ndani. Gari hilo, lililoitwa Casspir, halikuwa na kitu cha kujivunia kwenye maonyesho. Injini na gia ni za lori. Usanifu wake uliangalia tatizo moja tu, kisha fedha zikaenda kutengeneza. Yalitoka mengi, yakavunjwa, yakaungwa, yakauzwa. Askari wa Uganda walipokwenda Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, walipanda Casspir, wakati dola iliyoyaunda ilikuwa imeshakuwa somo la historia.

Cha pili ni mzinga. G5 ya milimita 155 haikuanzia kwenye karatasi tupu. Wazo lilitoka kwa Gerald Bull, mhandisi wa Kanada aliyefungwa Marekani mwaka 1980 kwa kuipa Pretoria teknolojia hiyo, na aliyepigwa risasi mlangoni kwake Brussels Machi 1990 akiwa anaitengenezea Iraq mzinga wa ajabu. Waafrika Kusini walilinunua wazo, wakalirekebisha, wakalitia kiwandani. Toleo linalojiendesha kwa magurudumu, G6, lilinunuliwa na Umoja wa Falme za Kiarabu, mizinga 78, na Oman, 24. Oman peke yake iliagiza G6 mara mbili ya Rooivalk zilizowahi kuingia katika jeshi la nchi iliyoziunda. Sisemi ni biashara ya kujivunia. Iraq nayo ilikuwa mteja wa G5, na tunajua ilivyokuwa ikipigana. Nasema tu kwamba pale ambapo mtu alikuwa amejipanga kulipia cha mia, usanifu ulilipa.

Tajiri naye huanguka shimo hilo, ila yeye huanguka na bendi ikipiga. Marekani ilianza kufikiria helikopta yake mpya ya upelelezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati mmoja na Kempton Park. Ikaitwa Comanche. Ilikusudiwa kwanza itengenezwe kwa maelfu, kisha 1,213, kisha 650. Kila idadi ilipokatwa, bei ya moja ilipanda, na bei ilipopanda, idadi ikakatwa. Februari 2004 jeshi likaifuta. Dola takribani bilioni 6.9 zilikuwa zimekwenda, na helikopta zilizoruka zilikuwa mbili. Afrika Kusini ina 11. Ukiitazama hivyo, Pretoria ni bingwa. Lakini majenerali wa Marekani walifanya jambo ambalo Pretoria haikulifanya: waliomba fedha za Comanche zilizobaki zibaki kwao, wakazielekeza kununua helikopta mpya za aina zilizokuwepo na kuzifanyia matengenezo nyingine zaidi ya elfu moja. Waliukata mguu kuokoa mwili.

Jeshi lao la majini halikuwa na ujasiri huo, ndiyo maana kuna meli inayoitwa Zumwalt. Zilipangwa 32. Zilijengwa tatu. Kila moja ilifungwa mizinga miwili ya milimita 155 iliyobuniwa kwa ajili yake tu, ili ipige pwani kutoka baharini umbali wa kilomita zaidi ya 100 kwa kombora linalojiongoza. Mizinga ikafanya kazi. Lakini risasi zake hazikuingia kwenye mzinga mwingine wowote duniani, na kiwanda kilichokuwa kimepanga kuzitengeneza kwa meli 32 kikajikuta kinatengenezea tatu. Bei ya risasi moja ikakaribia dola 800,000 au kuzidi. Mwaka 2016, mwaka uleule meli ya kwanza ilipoingia kazini, jeshi la majini likaacha kuzinunua. Bahari ikapata meli ya mabilioni yenye mizinga isiyo na risasi. Mizinga ile imekuja kung'olewa katika karakana ya Pascagoula, Mississippi, ili nafasi ipatikane kwa makombora ya aina nyingine, ambayo nayo yana historia yake ya usanifu.

Tazama pia namna uwiano wenyewe ulivyohama. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Reagan, kwa kila dola Pentagon iliyotumia kwenye utafiti na majaribio, karibu dola tatu zilikwenda kununua zana zilizokamilika. Katika maombi ya bajeti ya mwaka wa fedha 2024 iliomba dola bilioni 145 za utafiti na 170 za ununuzi. Tatu kwa moja imekuwa karibu moja kwa moja. Wapo watakaosema ni dalili ya akili: dunia ya droni na kompyuta inadai kufikiri zaidi. Nakubali nusu. Nusu nyingine inaonekana Ukraine, ambako tangu 2022 pande zote mbili zimegundua kwamba kinachokwisha kwanza ghalani ni risasi za mizinga za milimita 155 na 152, kitu ambacho usanifu wake ulikamilika kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Kwa nini basi watu wazima wenye shahada hurudia kosa lilelile? Kwa sababu usanifu ni mpole. Unakula fedha kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kila mwaka kuna picha nzuri ya kuonyesha: mfano umeruka, kombora limelenga, waziri amekata utepe. Uzalishaji unakuja kama mahari, yote kwa mpigo, tena mwaka ambao wizara ya afya nayo inadai. Usanifu huahidi, na ahadi haiwezi kuharibika barabarani. Kilichotoka kiwandani huharibika, na jina la aliyekiagiza linajulikana. Norman Augustine, aliyekuwa naibu waziri wa jeshi la nchi kavu la Marekani na baadaye bosi wa kampuni ya silaha, alifanya mzaha kwa kuchora mstari wa bei za ndege za kivita tangu mwanzo wa karne ya 20 na kuurefusha mbele. Ukafika mwaka 2054, na hapo bajeti nzima ya ulinzi ya Marekani ingetosha ndege moja, ambayo jeshi la anga na la majini wangetumia kwa zamu.

Lakini asiye na subira ya kufikiri naye ana adhabu yake, na hapa lazima nijikosoe kabla msomaji hajaniandikia. Ndege ya kivita ya Marekani, F-35, iliingia laini ya uzalishaji mwaka 2007, majaribio yakiwa bado machanga. Hoja ilikuwa kwamba tukianza kutengeneza mapema, bei itashuka mapema. Mapungufu yaliyogunduliwa angani yakawa yanapatikana pia kwenye ndege zilizokwisha kukabidhiwa, na kila moja ikabidi irudishwe karakana. Mwaka 2012 Frank Kendall, aliyekuwa akisimamia ununuzi Pentagon, aliuita uamuzi huo hadharani uzembe wa kitaaluma. Idhini ya uzalishaji kamili ilitoka Machi 2024, wakati karibu ndege elfu moja zilikuwa zimeshatoka kiwandani. Hata hivyo, ona tofauti. F-35 zipo, zinaruka, nchi nyingi zinapanga foleni, na bei ya moja imeshuka kuliko wakosoaji walivyotabiri. Dhambi ya kuzalisha kabla ya kukamilisha ni ghali. Dhambi ya kukamilisha bila kuzalisha ni ghali na haina hata cha kuegesha uwanjani.

Robert Gates alipokuwa waziri wa ulinzi Marekani, askari wake walikuwa wakiuawa Iraq kwa mabomu ya kando ya barabara, huku jeshi la nchi kavu likimwaga mabilioni kwenye mradi wa magari ya kesho. Mei 2007 alitoa amri kwamba magari ya kuhimili mabomu ndiyo kipaumbele cha kwanza cha ununuzi. Zaidi ya magari 20,000 yalitoka viwandani katika miaka michache. Mwaka 2009 akaufuta ule mradi wa kesho. Na magari aliyoyanunua yalikuwa na bati la chini lenye umbo la V, wazo la karakana za kusini mwa Afrika. Baadhi yalikuwa RG-31, ya usanifu wa Afrika Kusini moja kwa moja. Wazo la bei ya lori liliwashinda wenye maabara.

Sisi huku tuna neno moja linalotuchanganya zaidi ya wengine. Ukifungua kitabu cha bajeti ya Wizara ya Ulinzi, fedha za "maendeleo" ni majengo, mitambo, miradi. Hakuna mstari unaotenganisha anayebuni na anayezalisha, na labda kwa jeshi letu la wanunuzi haijawahi kuwa lazima. Ila kuna Nyumbu. Kituo cha teknolojia ya magari cha Kibaha, kilicho chini ya wizara hiyo, kilianzishwa mwaka 1985, mwaka uleule Alouette iliyovalishwa upya iliporuka kule kusini. Kilichora lori la Kitanzania, kikalijenga, kikalipa jina la mnyama anayevuka mito bila kuuliza kina. Lilitembea. Wapo watu wazima hapa nchini wanaolikumbuka kwenye gwaride. Lakini halikuwahi kuwa lori unalokutana nalo Chalinze usiku likiwa limebeba mahindi, kwa sababu hakuna aliyeagiza elfu moja, wala halmashauri, wala Magereza, wala JKT, wala jeshi lenyewe. Waliagiza magari yaliyokwisha kulipiwa usanifu na walipa kodi wa Japani na India.

Denel yenyewe iliishia pabaya. Mwaka 2020 ilishindwa kulipa mishahara kamili, na wahandisi wengi wakaondoka, baadhi wakielekea Ghuba, kwa wateja wa zamani wa mizinga. Walibeba vichwani mwao kile ambacho Rooivalk iliwafundisha. Miaka minne kabla ya hapo, Septemba 2016, kwenye maonyesho ya silaha katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Waterkloof, Pretoria, Denel ilikuwa imekaa meza moja na kampuni ya helikopta ya Airbus na kutia saini makubaliano. Kamera zilikuwepo, na mikono ilipeanwa. Walikubaliana kuanza kazi ya kuichora upya Rooivalk.